Chumvi Shambani (2): Kiu Ndani ya Maji

Juma lililopita tulieleza jinsi chumvi inavyofika shambani: maji ya mfereji hukauka na kuacha vyote vilivyoyeyuka ndani yake, na maji ya chini ya ardhi hupanda kidogo kidogo pale pasipo na mitaro ya kuyatoa. Leo tuutazame mmea wenyewe.

Ukipita kwenye majaruba ya Moshi chini au Ndungu wilayani Same, sehemu ambazo ardhi ya magadi inafahamika, unaweza kukuta mpunga umesimama majini lakini umedumaa. Ncha za majani ya chini zimekauka na kuwa nyeupe, na katikati ya jaruba kuna vipara visivyoota kitu. Wakulima wengi hapo hukimbilia urea. Tatizo si njaa.

Mzizi huvuta maji kwa sababu seli zake zina chumvi na sukari nyingi kuliko maji ya udongoni, na maji hufuata kule kulikokolea. Chumvi ikizidi udongoni, mvuto huo hupungua, hata kama jaruba limejaa. Ndani ya saa chache tu ukuaji hupungua. Homoni iitwayo asidi ya absisiki huongezeka na kufanya stomata, vile vitundu vya majani, vijifunge. Maji yanaokolewa, lakini kabonidioksaidi nayo haiingii, na usanisinuru hushuka. Majani mapya hutoka madogo na machipukizi huwa machache.

Hiyo ni kiu. Sumu huja baadaye, baada ya siku kadhaa au majuma. Sodiamu husafiri na maji hadi majanini. Maji hugeuka mvuke na kwenda hewani, sodiamu hubaki. Ndiyo sababu majani ya zamani hutangulia kufa: yameipokea kwa muda mrefu zaidi. Sodiamu inafanana na potasiamu kiasi cha kupenya kwenye milango yake, ila haiwezi kushika kazi yake, na vimeng'enya zaidi ya 50 vinategemea potasiamu. Mimea stahimilivu hupambana kwa njia mbili: kuifungia sodiamu ndani ya vakuoli, vile vifuko vya ndani ya seli, au kuirudisha mizizini kabla haijapanda. Pokkali, mpunga wa asili wa pwani ya Kerala nchini India, unasifika kwa hili la pili, na watafiti wameutumia sana katika kuzalisha mbegu mpya.

Chumvi ya udongo hupimwa kwa jinsi maji yake yanavyopitisha umeme, kwa desisimensi kwa mita. Kuanzia 4, vitabu huhesabu udongo kuwa wa chumvi. Mpaka huo haumsaidii mkulima wa maharage. Kwa takwimu walizochapisha Maas na Hoffman huko Marekani mwaka 1977, maharage huanza kupoteza mavuno kwenye 1, na kila desisimensi inayoongezeka hupunguza asilimia 19 hivi. Udongo ukifika 4, zaidi ya nusu ya mavuno imekwenda. Mahindi huanza kuumia kwenye 1.7, mpunga kwenye 3. Pamba huvumilia hadi 7.7, shayiri hadi 8.

Umri nao una neno. Mbegu ya mpunga huota vizuri hata penye chumvi kiasi, ikamdanganya mwenye shamba. Kisha mche mchanga hufa. Kwa hiyo ni afadhali kuhamisha miche iliyokomaa kidogo. Hatari hurudi wakati wa kuchanua, na hapo masuke husimama vizuri lakini yamejaa mapepe.

Magadi yana ubaya wa ziada. Sodiamu iliyogandamana na mfinyanzi huusambaratisha udongo. Matundu huziba, maji hayashuki, mizizi hukosa hewa. pH ya udongo ikipita 8.5, zinki na chuma havipatikani kirahisi, na naitrojeni ya ile urea hupotea hewani kama amonia. Dawa yake ni jasi: kalsiamu yake huiondoa sodiamu kwenye mfinyanzi ili maji yaisombe. Jasi huchimbwa Makanya, wilaya ileile ya Same, na kupelekwa viwanda vya saruji.

Juma lijalo tutaeleza namna ya kuitumia, na kwa nini kuimwaga pasipo mtaro wa kutoa maji ni kutupa fedha.