Yadi ya Brekidauni Inahitaji Kibali cha Ardhi

Mtu anapoanza kazi ya kuvuta magari Mombasa, akili yake yote huwa kwenye lori. Anatafuta brekidauni yenye winchi nzima, dereva anayeijua barabara ya Nairobi usiku, na fundi wa kuaminika. Mahali pa kuyaweka magari yaliyovutwa ni jambo la mwisho, na hutatuliwa kwa siku moja: inapatikana ploti tupu, mwenyewe analipwa kodi ya miezi mitatu, mabati yanazungushwa, kazi inaanza. Baadaye ofisa wa kaunti anakuja na notisi ya kusimamisha shughuli. Katika kazi yangu ya kupanga matumizi ya ardhi nimeona watu wenye bidii wakipoteza mtaji kwa njia hiyo, na wengi wao walikuwa na kibali cha biashara mkononi.

Kibali cha biashara kinamruhusu mtu. Ardhi nayo inataka ruhusa yake. Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi, namba 13 ya mwaka 2019, inahesabu kubadilisha matumizi ya ploti kuwa ni uendelezaji, hata kama hukuweka tofali juu ya tofali. Ploti iliyotengewa makazi ikigeuzwa yadi, ruhusa ya kaunti inahitajika kwanza. Anayeanza bila ruhusa anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 500,000, au kufungwa muda usiozidi miezi 2, au vyote viwili.

Wateja wangu huniuliza: gari limesimama tu, lina ubaya gani? Swali hilo ni la haki, na jibu lake liko chini ya gari. Gari lililogongwa huja na rejeta iliyopasuka, sampu inayovuja, betri iliyobonyea. Likikaa miezi miwili likingojea bima au kesi, yote hayo yanashuka ardhini. Na ardhi ya Mombasa haifanani kila mahali. Kisiwani, Nyali na Bamburi tumekalia jiwe la matumbawe ya kale, lile lile lililochimbwa Bamburi kutengenezea saruji. Jiwe hilo limejaa matundu. Oili ikimwagika juu hushuka na mvua hadi kwenye maji ambayo jirani anayachota kisimani. Changamwe na Mikindani mwamba ni wa namna nyingine, unaokataa kunyonya, kwa hiyo masika yanapokuja uchafu huteremka juu kwa juu hadi hori la Tudor au la Port Reitz, kwenye mikoko. Mahali pote pawili dawa ni moja: sakafu ya zege yenye mtaro pembeni, na shimo la kutenganisha mafuta na maji kabla maji hayajatoka nje. Si lazima yadi nzima imwagwe zege. Tenga sehemu ya kupokelea magari yaliyoumia, ondoa betri na kimiminika chochote siku ile ile, kisha gari lipelekwe upande wa kukaa.

Nasisitiza betri kwa sababu Mombasa tumeshalipia somo la risasi, madini yaliyomo ndani yake. Mtaa wa Owino Uhuru ulipakana na kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu, na wakazi, watoto wakiwemo, wakapata sumu. Mwaka 2020 mahakama ya mazingira na ardhi iliwapa fidia ya shilingi bilioni 1.3, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikaurejesha uamuzi huo baada ya kutenguliwa kwenye rufaa. Yadi ya magari haiyeyushi risasi, na sitaki kuilinganisha na kiwanda kile. Lakini jirani wa Mikindani anapouliza betri zako zitakwenda wapi, ana sababu ya kuuliza. Mjibu kwa maandishi.

Ukubwa nao huwadanganya wengi. Ploti ya futi 50 kwa 100 ni kama mita za mraba 465. Gari dogo linachukua mita 2.5 kwa 5, kwa hiyo mtu anapiga hesabu ya magari zaidi ya 30. Hesabu hiyo inasahau kwamba gari la katikati lazima litoke siku mwenyewe akija, na kwamba brekidauni yenyewe inahitaji kugeuka ndani ya lango. Ikishindwa kugeuka, itaingia kinyumenyume kutoka barabarani saa nane za usiku, na hapo ndipo malalamiko ya majirani huanza. Mimi ploti kama hiyo huipangia magari 12 hivi. Idadi hiyo, pamoja na siku ambazo gari moja linaruhusiwa kukaa, iandike mwenyewe kwenye ombi kabla kaunti haijakuwekea sharti.

Ombi lenyewe huandaliwa na mtaalamu wa mipango ya ardhi aliyesajiliwa, likiambatana na nakala ya hatimiliki na mchoro wa ploti. Ukiwa umekodi, mwenye ardhi lazima akubali kwa maandishi. Hapa pwani pana mtego wake: kwetu nyumba inaweza kuwa ya mtu na ardhi ikawa ya mwingine. Aliyekukodisha uwanja kwa sababu kibanda ni chake huenda hana mamlaka ya kukuombea chochote. Kisha notisi hutolewa ili mwenye pingamizi aseme. Wengi huiogopa hatua hii na kuifanya kimyakimya. Ushauri wangu ni kinyume chake: bisha hodi kwa majirani kabla ya notisi, uwaonyeshe mchoro, uwaambie lango litafungwa saa ngapi.

Zikipita siku 60 bila jibu la maandishi, sheria inahesabu kwamba ruhusa imetolewa. Usiuegemee sana ukimya huo, maana hauchukui nafasi ya leseni ya NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, pale inapotakiwa, na benki au bima itataka karatasi. Ukikataliwa, una siku 14 za kukata rufaa kwenye kamati ya kaunti inayosikiliza mashauri ya mipango ya ardhi.

Kama unatafuta yadi sasa hivi, usilipe amana bado. Chukua namba ya ploti, nenda ofisi ya mipango ya ardhi ya kaunti, uulize imetengewa matumizi gani.