Zamu ya Nane Iliyowatesa Nationals

Alhamisi ya Mei 23, 2019, timu ya besiboli ya Washington Nationals iliondoka New York ikiwa imeshinda mechi 19 na kupoteza 31. Ilicheza na Mets mechi nne kwa siku nne mfululizo, ikafungwa zote. Katika ile ya mwisho kocha mkuu, Dave Martinez, aliwajia juu waamuzi, akaibwaga kofia yake chini na kulipiga teke vumbi, wakamtoa. Mjini Washington swali likawa moja tu: atafukuzwa lini?

Sisi tuliokuwa tukiifuata timu hiyo tulikuwa na swali tofauti, ugonjwa hasa uko wapi, kwa sababu tulikuwa tumeziona zile mechi 50.

Msimu wa besiboli ya Marekani ni mrefu kupita kiasi. Kila timu inacheza mechi 162, kuanzia mwisho wa Machi hadi mwisho wa Septemba. Ligi Kuu ya Uingereza ina mechi 38, nazo zinatosha kumtoa mtu roho. Shemeji yangu alipokuja kutembea Maryland nilimpeleka uwanjani, ule ulio kando ya Mto Anacostia, jioni moja ya baridi. Timu ikafungwa. Tukiwa tunashuka ngazi kuelekea kituo cha treni cha Navy Yard akaniuliza, "Sasa shemeji, mechi ya marudiano lini?" Nikamwambia kesho. "Na baada ya hapo?" Keshokutwa, na mtondo, na mtondogoo. Akanitazama kama anayempa mtu pole ya msiba.

Msimu ule ulianza na kidonda ambacho hakijakauka. Bryce Harper, kijana aliyekulia mikononi mwa mashabiki wa Washington, alikuwa amesaini mkataba wa miaka 13 wa dola milioni 330 na Philadelphia Phillies, wapinzani wa kundi moja. Alirudi kwa mara ya kwanza Aprili 2, mvua ikinyesha. Alizomewa tangu alipochomoza. Jioni hiyohiyo Trea Turner, mkimbiaji wetu hodari, alijaribu kuugusisha mpira kwa gongo bila kulizungusha. Mpira ukamponda kidole na kuuvunja mfupa. Hakuonekana tena mpaka katikati ya Mei. Usiku ukaisha kwa Harper kuupeleka mpira ng'ambo ya ukuta, na Phillies wakashinda 8-2. Sikumbuki usiku mwingine wa Aprili uliouma kiasi kile.

Hata hivyo Harper hakuwa ndiye tatizo, wala kidole cha Turner. Wapenzi wa besiboli wana desturi ya kwenda uwanjani na karatasi ya kurekodia mchezo. Ina safu ya majina upande wa kushoto, na miraba midogo kwa kila zamu. Mpigaji akikosa mara tatu unaandika K. Akisimama tu mpira ukampita bila kurusha gongo, unaiandika K hiyo kwa kuigeuza nyuma. Akifika kituo cha kwanza unachora mstari mmoja, akizunguka vituo vyote na kurudi nyumbani unaujaza mraba wote kwa penseli. Ukiwa na karatasi za mwezi mzima huhitaji mchambuzi wa televisheni. Zangu za Aprili na Mei zilikuwa nyeupe kwa zamu ya kwanza hadi ya sita, zimejaa K za warushaji wetu Max Scherzer, Stephen Strasburg na Patrick Corbin. Halafu zamu ya saba, na hasa ya nane, penseli ilikuwa imeijaza miraba ya wapinzani mmoja baada ya mwingine.

Sababu yake inaeleweka. Mrushaji anayeanza mchezo akifikisha mipira 100 hivi mkono umechoka, na mechi ina zamu tisa. Hapo wanaingia warushaji wa akiba, na wa Nationals walikuwa miongoni mwa wabovu kabisa katika ligi nzima. Mei 2 uongozi ulimfukuza kocha wa warushaji, Derek Lilliquist. Mambo hayakubadilika.

Tazama hizo mechi mbili za mwisho kule New York. Mei 22 Scherzer alirusha zamu sita bila kufungwa hata pointi moja, timu ikiongoza 1-0. Zamu ya nane Mets wakapata pointi sita. Tatu kati ya hizo zilitoka kwenye gongo la Rajai Davis, mkongwe aliyeitwa ghafla kutoka timu ya daraja la chini na kufika uwanjani kwa teksi kutoka Pennsylvania, mchezo ukiwa umeshaanza. Kesho yake Nationals waliongoza tena, 4-3. Zamu ya nane ikaja, Carlos Gómez akauvusha mpira ukuta wenzake wawili wakiwa vituoni, ikawa 6-4.

Ndiyo maana nasema msimamo wa ligi ulikuwa kweli na bado ulipotosha. Timu inayofungwa tangu mwanzo wa mchezo ni timu mbovu. Timu inayoongoza kwa saa mbili na nusu, kisha ikaporwa ushindi mlangoni, ina ugonjwa wa mahali pamoja. Meneja mkuu Mike Rizzo bila shaka aliliona hilo, maana hakumfukuza Martinez, na kwangu huo ndio uamuzi bora kuliko wote uliofanyika mwaka ule. Martinez mwenyewe alikuwa akiwahimiza wachezaji washinde mechi ya leo tu, ya kesho waiache kesho.

Juni ikageuka. Scherzer alivunjika pua mazoezini, na usiku uliofuata, Juni 19, akapanda kilima cha mrushaji jicho likiwa limevilia damu, akawazuia Phillies zamu saba bila pointi. Siku hiyohiyo Gerardo Parra, mchezaji wa akiba kutoka Venezuela ambaye gongo lake lilikuwa limekauka, alibadilisha wimbo wa kumwingiza uwanjani, akachagua Baby Shark kwa sababu binti yake mdogo aliupenda. Kufikia vuli watu wazima zaidi ya 40,000 walikuwa wakipiga makofi kwa mikono iliyonyooshwa mithili ya taya za papa. Nilikuwa mmoja wao, na ningefanya tena leo.

Septemba 3 wakaja Mets walewale. Nationals walikuwa nyuma 10-4 wakibakiwa na zamu yao ya mwisho, na nusu ya jukwaa ilishaondoka. Wakapata pointi saba. Kurt Suzuki ndiye aliyemaliza kazi, pigo lake likitua ng'ambo ya ukuta wa kushoto: 11-10.

Tangu ile Mei 23 walishinda mechi 74 na kupoteza 38, wakaingia mtoano kwa mlango wa nyuma. Walikuwa wamefika hatua hiyo 2012, 2014, 2016 na 2017, na kila mara wakaishia raundi ya kwanza. Safari hii waliwatoa Milwaukee, Los Angeles na St. Louis, wakakutana na Houston Astros fainali. Fainali hiyo ilikwenda mechi saba, na hakuna timu iliyoshinda nyumbani kwake hata mara moja.

Warushaji wa akiba hawakuwa wamepona wote. Rizzo alikuwa ameleta watatu Julai 31, siku ya mwisho ya kubadilishana wachezaji, akiwemo Daniel Hudson kutoka Toronto. Waliobaki Martinez aliwaficha kadiri alivyoweza. Kwenye mechi ya mtoano ya kwanza zamu ya sita hadi ya nane alimpa Strasburg, ambaye kwa kawaida alikuwa akianza mchezo. Oktoba 30, mechi ya saba, Houston: Scherzer zamu tano, Corbin tatu. Zamu ya nane, ile iliyotutesa tangu Aprili, Corbin aliimaliza bila kufungwa. Nationals walikuwa mbele kwa pigo la Howie Kendrick lililogonga nguzo ya kulia, kisha wakaongeza mpaka 6-2.

Ya tisa akaingia Hudson. Michael Brantley wa Houston akakosa mpira wa mwisho, Hudson akaivua glovu na kuirusha kwa nguvu zake zote, na Washington ikapata ubingwa wa besiboli ambao haikuwa nao tangu 1924.