Pikipiki nafuu ya safari ndefu: Vigezo vya kupima kabla ya kutoa pesa

ANAYEONDOKA mjini Migori alfajiri kwa pikipiki akielekea Kisiwa cha Rusinga hukumbana na barabara za sura mbili. Kupitia Rongo, Homa Bay na Mbita, anaweza kusafiri juu ya lami. Lakini akiamua kurejea kwa njia za ndani za Sindo, Magunga na Karungu, hana budi kujiandaa kwa changarawe, vumbi na, mvua inyeshapo, matope.

Mzunguko huo ni kipimo kizuri kwa yeyote anayetaka kununua pikipiki ya bei nafuu kwa safari ndefu. Pikipiki inayofaa kubeba abiria kutoka stendi hadi sokoni si lazima ifae kumbeba mtu na mizigo yake kutwa nzima.

Mnamo 2008, serikali iliziondolea pikipiki za chini ya cc 250 Ushuru wa Thamani ya Ziada (VAT), hatua iliyochangia kuenea kwa bodaboda kote nchini. Ushuru mwingine wa Sh10,000 kwa kila pikipiki ulianzishwa 2015. Hata hivyo, pikipiki ndogo zimebaki kuwa chombo ambacho mtu wa kipato cha wastani anaweza kukimudu.

Jambo la kwanza la kupima ni injini. Ile ya cc 100 humfikisha msafiri, ila hulemewa kwenye miinuko ikiwa na watu wawili na mzigo. Pikipiki kubwa kama Royal Enfield Himalayan ya cc 411 ina nguvu tele na tanki la lita 15, lakini uzito wake hukaribia kilo 200. Ikianguka kwenye udongo mweusi wa Bonde la Lambwe, msafiri aliye peke yake atatoka jasho kuiinua.

Kwa sababu hiyo, cc 150 ndicho kiwango cha kati kinachofaa zaidi eneo hili. Miongoni mwa zinazojulikana ni Bajaj Boxer BM150, ambayo injini yake ni ya cc 144.8 na tanki lake hubeba lita 11. Nyingine ni Honda XR150L, yenye injini ya cc 149 na tanki la lita 12.

Zote mbili zina silinda moja inayopozwa kwa upepo. Injini ya namna hii ina sehemu chache za kuharibika, na fundi aliye chini ya mwembe huweza kuifungua na kuifunga bila mtambo wowote wa kompyuta.

Tofauti yao hudhihirika lami inapokwisha. XR150L imeinuliwa takriban sentimita 24 kutoka ardhini, gurudumu lake la mbele ni la inchi 19, na shokomzoba zake hujikunja kwa kina zaidi. Kwa hivyo huvuka mashimo na mawe bila kumchosha sana mwendeshaji. Dosari yake ni kiti kirefu kwa mtu mfupi, na bei iliyo juu ya ile ya Boxer.

Boxer, kwa upande wake, ina sifa isiyoandikwa kwenye karatasi ya muuzaji: vipuri. Mnyororo, kebo ya klachi, plagi au mpira wa ndani wa tairi hupatikana hata katika vituo vidogo vya biashara. Pikipiki iliyo bora lakini inayosubiri kipuri kutoka Nairobi kwa wiki moja haimfai aliyekwama Karungu.

Jambo la pili ni breki. Matoleo mengi ya Boxer hutumia breki zinazobana ndani ya kitovu cha gurudumu, ilhali XR150L ina breki ya diski mbele. Kwenye barabara kuu ya Kisii kuelekea Isebania, ambako malori ya masafa marefu hupita usiku na mchana, tofauti ya mita chache za kusimama inaweza kuwa tofauti ya uhai na kifo. Mnunuzi aijaribu pikipiki akiwa amebeba mzigo.

Tatu ni mafuta. Ikiwa pikipiki inakwenda kilomita 35 kwa lita, lita 11 zitaisukuma kilomita 385. Mzigo, matope na mwendo wa kasi hupunguza hesabu hiyo. Ni busara kujaza tanki Homa Bay au Mbita badala ya kutegemea petroli ya chupa vijijini, ambayo usafi wake hauna mdhamini.

Anayenunua iliyotumika ana kazi zaidi. Alinganishe nambari za fremu na injini na zile za cheti cha umiliki, akague iwapo fremu imewahi kuchomelewa, na asikilize injini ikiwa baridi. Pikipiki iliyokuwa bodaboda aghalabu imebeba mizigo kupita kiasi, hata kama rangi yake ingali inang'aa.

Isitoshe, bei ya pikipiki siyo gharama yote. Leseni, bima, helmeti mbili na jaketi za kuakisi mwanga ni matakwa ya sheria. Asiyebakiza pesa za helmeti nzuri amenunua pikipiki inayozidi uwezo wake.

Kwa jumla, anayesafiri zaidi juu ya lami na kuchepuka mara chache atatosheka na Boxer, mradi aende mwendo wa wastani. Anayekusudia kufika mara kwa mara Thimlich Ohinga, ngome ya mawe iliyotambuliwa na UNESCO mwaka 2018 kuwa Turathi ya Dunia, au fuo za Nyatike msimu wa masika, ana sababu ya kuongeza pesa apate XR150L.

Vyovyote atakavyoamua, apime barabara atakayoipita kabla ya kuipima pikipiki.