KUHAMISHA PROGRAMU KUTOKA LINUX MOJA HADI NYINGINE
Mambo ya kuangalia kabla orodha za kikundi hazijaharibika

Kikundi kikipewa kompyuta kuukuu, mara nyingi fundi huiwekea Linux kwa sababu hailipiwi, na ziko aina zake zinazokubali mashine ya zamani. Shida inakuja siku kompyuta ya pili inapofika. Hii nayo ina Linux, lakini ya jina lingine. Vijana wanakopi kila kitu kwa flashi, wanafungua, na programu inakataa. Au mbaya zaidi: inakubali, lakini inatoa majibu ya uongo. Hapa Ngaremara tunajua orodha ya chakula cha msaada ikikosewa nini hutokea. Kuna nyumba italala njaa. Kwa hivyo jambo hili si la mafundi peke yao.

Kwa nini Linux ni nyingi?

Mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, alitoa kiini cha mfumo wa kuendesha kompyuta. Kiini peke yake hakitoshi. Watu mbalimbali walikichukua wakakiongezea vifaa, kila mmoja kwa mpango wake. Debian ilianza 1993. Ubuntu, ambayo jina lake ni ndugu ya neno letu "utu", ilijengwa juu ya Debian ikatoka 2004. Fedora ilitoka 2003 upande wa Red Hat. Ni kama nyumba mbili za manyatta moja: moto ni ule ule, lakini kila mama ndiye anajua mahali alipoweka kibuyu chake.

Programu

Programu za Debian na Ubuntu hufungwa katika furushi linaloishia na .deb. Za Fedora na Red Hat huishia na .rpm. Usibebe furushi la huku ukalilazimisha kule. Andika jina la programu, kisha uiombe upya kwenye ghala la Linux mpya: Ubuntu kwa amri ya apt, Fedora kwa amri ya dnf. Jua pia kwamba majina hubadilika. Programu ya Apache huitwa apache2 kwenye Ubuntu, lakini kwenye Fedora ni httpd.

Programu iliyotengenezwa kwenye Linux mpya mara nyingi hukataa kwenye Linux ya zamani, kwa sababu inategemea vifaa ambavyo huko havipo. Na ile ya kompyuta ya kawaida ya Intel haiendi moja kwa moja kwenye kompyuta ndogo ya Raspberry Pi, kwa maana ubongo wake ni wa aina nyingine. Ziko programu za Flatpak na AppImage ambazo husafiri na chakula chao, yaani hubeba sehemu kubwa ya vifaa vyao. Hizo huhama kwa urahisi zaidi, ingawa ni nzito kupakua.

Skripti

Skripti ni faili ya maandishi yenye amri zinazofuatana. Watu hudhani maandishi ni maandishi tu, yatasomwa kote. Sivyo.

Tuchukue mfano. Kikundi kina skripti inayotenga familia zilizopokea mahindi na zile bado. Ndani yake imeandikwa hivi:

if [ "$hali" == "amepokea" ]

Kwenye Fedora, mkiiendesha kwa amri ya sh, inafanya kazi sawasawa, kwa kuwa sh ya huko ni bash. Kwenye Ubuntu, tangu mwaka 2006, sh ni programu nyingine iitwayo dash, na dash haijui alama mbili za usawa. Inatoa mstari mmoja wa lawama, halafu inaendelea na kazi! Kila familia inahesabiwa kwamba haijapokea. Aliyepewa jana atapewa tena, na magunia yataisha kabla ya zamu ya mwingine.

Dawa ni rahisi. Tumia alama moja ya usawa, ambayo inaeleweka kote. Au andika #!/bin/bash kwenye mstari wa kwanza, na uendeshe skripti kwa amri ya bash. Ukiiendesha kwa sh, ule mstari wa kwanza hautazamwi.

Mambo mengine mawili husumbua. Faili ikipitia kwa flashi inaweza kupoteza ruhusa ya kuendeshwa. Irudishe kwa chmod +x. Ikiwa iliandikwa kwenye Windows, kila mstari huishia na alama isiyoonekana ambayo Linux haiipendi. Iondoe kwa dos2unix.

Utaratibu wa kuhama

1. Soma faili ya /etc/os-release kwenye kompyuta zote mbili, ujue ni Linux gani na ya toleo gani.

2. Andika kwa daftari programu zote ambazo skripti zenu zinaita. Kwenye kompyuta mpya, uliza kila moja kwa amri ya command -v. Isipojibu kitu, haipo.

3. Hifadhidata ya MySQL isihamishwe kwa kukopi folda. Itoe kwa mysqldump, kisha uiingize upya.

4. Jaribu kwa kopi, si kwa orodha yenyewe.

5. Mweka hazina alinganishe jumla: idadi ya majina, fedha na magunia. Zikipishana hata kwa moja, simameni hapo mtafute sababu.

6. Kompyuta ya zamani isifutwe. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Iendelee kufanya kazi sambamba na mpya kwa mwezi mmoja au ugawaji mmoja mzima.

Kazi hii isiachiwe kijana mmoja. Mwenye kujua kompyuta akae na mwenye kuzijua familia, maana kompyuta haiwezi kushtuka ikiona jina la mjane limekosekana. Mama anayewajua majirani zake ataliona mara moja.