Kingamwili za corona hudumu muda gani kwa mtoto?

SWALI la kama mtoto aliyekwisha kuugua corona aweza kuugua tena lina uzito wa pekee kwa wazazi wa Dodoma na nyanda za kati, kwa kuwa chanjo ya ugonjwa huo ilipozinduliwa nchini Julai 28, 2021, iliwalenga watu wenye umri wa miaka 18 na kuendelea.

Kwa maana hiyo, watoto wengi wa Kondoa, Mpwapwa, Kongwa na Jiji la Dodoma waliojipatia kinga, waliipata kwa kuambukizwa. Mgonjwa wa kwanza nchini alitangazwa Machi 16, 2020, na siku iliyofuata serikali ikatangaza kuzifunga shule. Madarasa mengi yalifunguliwa Juni 29 mwaka huo.

Kingamwili ni protini zinazotengenezwa na chembe nyeupe za damu ili kukinasa kirusi kabla hakijapenya katika chembe za mwili. Kundi la kwanza hujitokeza siku chache baada ya maambukizi na kutoweka baada ya wiki kadhaa. Kundi la pili, ambalo ndilo lenye nguvu zaidi, hubaki katika damu kwa miezi mingi huku kiwango chake kikipungua taratibu.

Utafiti uliofanyika katika jimbo la Texas, Marekani, na kuchapishwa mwaka 2022, uliwafuatilia watoto na vijana 218 wenye umri wa miaka 5 hadi 19, waliopimwa damu mara tatu. Ulibaini kuwa asilimia 96 ya walioambukizwa walikuwa bado na kingamwili hadi miezi saba baadaye. Hapakuwa na tofauti kati ya walioonyesha dalili na wasioonyesha, wala kati ya wavulana na wasichana.

Utafiti mwingine uliochapishwa mwaka huohuo, uliofanyika Padua nchini Italia kwa familia 252, ulionyesha kuwa watoto wa chini ya miaka mitatu walikuwa na kingamwili nyingi kuliko wazazi wao, na kwamba ziliendelea kuonekana hadi miezi 18.

Hata hivyo, kuwa na kingamwili si sawa na kutoambukizwa kabisa. Virusi vya corona hubadilika, na aina ya Omicron, iliyotangazwa Novemba 2021, iliwaambukiza watu wengi waliokuwa na kinga ya aina zilizotangulia.

Tabia hiyo si ngeni. Virusi vinne vya jamii ya corona vinavyosababisha mafua ya kawaida humrudia mtu yuleyule mara nyingi baada ya takriban mwaka mmoja.

Aidha, kupungua kwa kingamwili hakumaanishi kuwa kinga yote imekwisha. Mwili huhifadhi chembe za kumbukumbu ambazo, kirusi kikirejea, huzalisha kingamwili mpya kwa haraka, huku chembe nyingine zikiziangamiza zile zilizokwisha kuvamiwa. Ndiyo sababu maambukizi ya pili kwa mtoto mwenye afya njema kwa kawaida huwa mepesi.

Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani (WHO) liliwaweka watoto wenye afya njema katika kundi la kipaumbele cha chini katika chanjo ya corona. Ushauri huo hauwahusu watoto wenye upungufu wa kinga au magonjwa sugu.

Kwa mzazi, jambo la kuzingatia ni kwamba mtoto aliyewahi kuugua aweza kuambukizwa tena na kumwambukiza bibi au babu anayeishi naye, ambaye kwake ugonjwa huwa mzito zaidi. Mtoto anayekohoa asikaribiane mno na wazee, na dirisha la chumba lifunguliwe hata katika miezi ya baridi na upepo.

Mtoto anayepumua kwa kasi, ambaye kifua kinabonyea ndani anapovuta pumzi, anayeshindwa kunyonya au anayepata degedege, apelekwe mara moja katika kituo cha afya, bila kujali kama aliwahi kuugua corona.

Vilevile, kingamwili za corona hazimkingi mtoto dhidi ya surua. Kinga anayoirithi kwa mama hufifia katika miezi ya mwanzo ya maisha, na ndiyo maana ratiba ya taifa humpatia chanjo ya surua na rubela akiwa na miezi tisa, na kuirudia akifikisha miezi 18.