Kuridhika kwa Vijana Wenye Kisukari na Huduma ya Mbali: Mazingatio kwa Mazingira ya Mkomaindo, Masasi

Kisukari cha aina ya kwanza mara nyingi huanza utotoni au ujanani. Kongosho la mgonjwa huacha kutengeneza insulini, hivyo uhai wake hutegemea sindano za kila siku, upimaji wa sukari na ushauri wa mara kwa mara. Kwa kijana anayehudumiwa katika Hospitali ya Mkomaindo, mjini Masasi, ushauri huo hugharimu nauli na siku ya masomo. Akipewa rufaa ya kwenda Mtwara, safari ni ya takribani kilomita 200. Ndiyo maana huduma ya mbali, yaani ushauri unaotolewa kwa simu, ujumbe mfupi au video, huonekana kuwa nafuu kubwa. Makala haya yanafafanua kwa nini kuridhika na huduma hiyo kunapaswa kupimwa kwa uangalifu.

Hojaji inayotumika sana duniani ni ile ya Clare Bradley wa Uingereza. Ina maswali 8, kila moja likiwa na alama 0 hadi 6. Maswali 6 hujumlishwa kupata kuridhika kwa jumla. Mawili, yanayohusu sukari kupanda na kushuka, husomwa peke yake. Mgawanyo huo una mantiki: mgonjwa anaweza kufurahia urahisi wa matibabu huku sukari yake ikiwa juu.

Katika Kiswahili kuna ugumu wa ziada. Neno "kuridhika" hubeba maana ya kutosheka, lakini pia ya kukubali hali ilivyo. Kijana anayejibu "nimeridhika" huenda anashukuru tu kwamba hakulipa nauli. Aidha, adabu humtaka mdogo aitikie salamu ya mkubwa kwa wema kabla ya kutaja shida, na simu fupi huweza kukatika kabla shida haijatajwa. Pale ambapo simu ni ya mzazi, anayejibu huenda si mgonjwa mwenyewe.

Jambo la msingi zaidi ni vifaa. Mtaalamu aliye mbali hurekebisha dozi kwa kutegemea vipimo anavyosomewa. Kijana asiye na vijiti vya glukomita hana cha kumsomea, na mazungumzo hubaki kuwa ya kuliwazana.

Kwa hiyo, utafiti katika mazingira haya hauna budi kumhoji kijana faraghani, kutenganisha unafuu wa nauli na ubora wa ushauri, na kulinganisha majibu na kipimo cha HbA1c, kinachoonesha wastani wa sukari wa miezi miwili hadi mitatu. Alama za juu za kuridhika zisizoambatana na vijiti, insulini na kipimo hicho zinaweza kuficha hatari badala ya kuthibitisha mafanikio.