Mazoezi kwa Mtu Mzima: Kipimo Kwanza, Jasho Baadaye

Mtu atokaye katikati ya mji wa Bujumbura kwenda Gihosha huvuka mto Ntahangwa, kisha huanza kupanda. Kigobe humwacha bado ana pumzi. Lakini akishika njia za Gikungu, Gasenyi au Nyabagere, mlima humwuliza umri wake. Wapo wakazi wa mitaa hii, wenye miaka arobaini au hamsini, ambao hawajaupanda mlima wao wenyewe kwa miguu tangu waliponunua gari. Wapo pia walioupanda kwa lazima, hasa mwaka 2024, wakati uhaba wa mafuta ulipowafanya watu wengi wa mji huu warudi nyumbani kwa miguu baada ya kazi. Kwa makundi yote mawili tunaandika makala haya.

Ndugu msomaji, sisi tuliopita katika shule ya makadeti twadhaniwa kuwa na siri ya siha njema, na mara nyingi raia hutuomba tuwaandikie mazoezi ya kijeshi wakayafanye nyumbani. Jibu letu huwavunja moyo kidogo, kwa maana huwa ni hapana. Mazoezi ya kuruta yamewekwa kwa ajili ya kijana wa miaka ishirini aliyekwisha kupimwa na daktari, alalaye na kula kwa saa maalumu, na mwenye mkufunzi anayemtazama tangu alfajiri hata jioni. Mtu mzima hana hata kimoja katika hivyo. Magoti yake yamebeba miaka mingi, shinikizo lake la damu pengine halijapimwa kamwe, na mgongo wake umezoea kiti cha ofisi. Akijipa amri ya kuruta siku ya Jumamosi, Jumapili hukutwa kitandani, na Jumatatu huapa kwamba mazoezi si kitu chake. Tumewaona wengi wa namna hiyo, na hatari yao kubwa si yale maumivu ya siku mbili, bali ni kule kuacha kabisa.

Hata majeshi yenyewe yalitambua tofauti hiyo zamani. Mwishoni mwa miaka ya 1950, jeshi la anga la Canada liliona kwamba marubani wake wengi hawakuwa na siha ya kutosha. Halikuwapeleka msituni. Mtaalamu wake, Bill Orban, aliwatungia mazoezi matano ya dakika 11 tu kwa siku, yasiyohitaji chombo chochote wala uwanja, yanayopanda daraja baada ya daraja kwa kadiri ya umri wa mtu. Aliyeshindwa daraja hakuruhusiwa kuliruka. Kwa maoni yetu, hakuna somo la kijeshi limfaalo raia kuliko hilo.

Na wala si lazima jasho litiririke ndipo moyo upate faida. Mwaka 1953 daktari Mwingereza, Jeremy Morris, pamoja na wenzake, walitangaza matokeo ya uchunguzi wao juu ya wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London. Dereva na utingo wake walifanya kazi katika basi moja na kuvuta hewa ile ile. Lakini dereva aliketi mchana kutwa, na utingo alipanda na kushuka mamia ya ngazi akikata tiketi. Ikaonekana kwamba madereva walipatwa na maradhi ya moyo zaidi kuliko utingo. Hao utingo hawakuwa wanariadha, wala hakuna aliyewaamuru kukimbia. Ngazi tu ndizo zilizowalinda. Na mkazi wa Gihosha anazo ngazi zake mlangoni, zimechongwa na Mwenyezi Mungu katika umbo la kilima.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linamtaka mtu mzima afanye mazoezi ya kadiri kwa dakika 150 hadi 300 kila juma, au mazoezi mazito kwa dakika 75 hadi 150. Na zaidi ya hayo aitie nguvu misuli yake walau siku mbili. Dakika 150 ni nusu saa kwa siku tano. Takwimu zilizotolewa mwaka 2024 zilionyesha kwamba mwaka 2022 karibu asilimia 31 ya watu wazima duniani hawakukifikia kipimo hicho. Mwongozo huo unaongeza neno ambalo wengi hawalijui, kwamba hata vipande vifupi vya mwendo vinahesabika. Kwa hiyo afisa anayeshuka katika basi kituo kimoja kabla ya chake, akamalizia kwa miguu, amekwisha kulipa sehemu ya deni lake.

Kipimo cha ukali wa mwendo hakihitaji saa ya mkononi ya bei kubwa. Mwenye kupanda kutoka Kigobe kuelekea Gikungu na aseme na mwenzake. Akiweza kuzungumza lakini asiweze kuimba, mwendo wake ni wa kadiri na unamfaa. Akishindwa hata kujibu salamu, amezidisha, na apunguze. Wale akina mama wanaopanda asubuhi kwenda kusali Mont Sion Gikungu, wakisimulia habari za nyumbani njia nzima, wanafanya zoezi zuri kuliko mabwana wengi wenye viatu vya mbio vilivyokaa sandukuni. Majuma mawili ya kwanza yatosha kutembea mahali tambarare. Kisha kilima kidogo, kisha kirefu. Kukimbia kuje mwisho, tena kwa kuchanganya: dakika moja ya mbio, dakika mbili za mwendo. Wakati wa kuteremka tahadhari yahitajika zaidi, kwa sababu goti huumia zaidi mtu anaposhuka kuliko anapopanda.

Nguvu za misuli nazo hazitaki chuma cha kununua. Dumu la lita 20 likijaa maji lina uzito wa kilo 20, na dumu la lita tano kila mkono lamtosha anayeanza. Kuchuchumaa na kuinuka, au kuketi kitini na kusimama bila kushika kitu, ni zoezi kamili la mapaja. Asiyeweza kulala kifudifudi na kuuinua mwili kwa mikono na aanze kwa kuusukuma ukuta akiwa wima. Wazee waliopita miaka 65 waongeze kusimama kwa mguu mmoja, karibu na kitu cha kushika, maana kinachowavunja wengi wao ni kuanguka.

Lakini mji huu una desturi yake, nayo ni mchakamchaka. Katika miaka ya vita, kati ya 1993 na 2005, wakazi wa mitaa ya Bujumbura walizoea kukimbia kwa makundi mwisho wa juma wakiimba, wakipunguza dhiki ya roho pamoja na ya mwili. Desturi hiyo ilipatwa na msukosuko mwezi Machi 2014. Vijana wa chama kimoja cha upinzani waliokuwa wakikimbia walipambana na polisi, watu 21 wakahukumiwa kifungo cha maisha, na mbio za makundi zikaruhusiwa katika viwanja vilivyoteuliwa tu. Si kazi ya makala haya kuyahukumu mambo hayo. Twasema tu lile tulijualo kwa hakika, kwamba mtu mzima hudumu katika mazoezi pale anapongojwa na wenzake. Aliye peke yake husikia mvua ya alfajiri akajifunika; mwenye majirani watatu wanaomsubiri saa kumi na mbili kasorobo huona aibu akaamka. Watatu hao watosha, wala hawahitaji bendera.

Tuna fahari na Vénuste Niyongabo, aliyechukua dhahabu ya mita 5,000 Atlanta mwaka 1996, na Francine Niyonsaba, aliyechukua fedha ya mita 800 Rio de Janeiro mwaka 2016. Hata hivyo, nishani ya mkimbiaji haipunguzi shinikizo la damu la anayemshangilia barazani. Wala mbio za asubuhi haziwezi kufuta mishikaki na chupa nne za pombe za adhuhuri, ingawa wapo wafanyao hesabu hiyo kila Jumapili.

Mwenye umri uliopita arobaini ambaye hajafanya mazoezi kwa miaka mingi, au mwenye kisukari, au aliyewahi kuugua moyo, apimwe kwanza na daktari. Atoke mapema kabla ya jua kupanda, na anywe maji. Siku za mvua kubwa ajiepushe na kingo za makorongo, ambazo hubomoka. Na akiwa njiani akasikia kifua kinabana, au maumivu yanashuka mkono wa kushoto, au kizunguzungu na jasho baridi, asijikaze kiume. Asimame, aketi, na wenzake wampeleke hospitali saa ile ile.